Mbao Tisa Nilizozipiga Randa

Vijana wangu wa kanisa letu la Louisville, mmenicheka mara nyingi kwa sababu nikiingia katika jengo lolote naangalia juu kwanza. Mnasema Baba Naomi anatafuta malaika. Hapana. Natafuta mahali boriti inapokutana na nguzo, nione kama aliyeunga alikuwa na subira au alikuwa na haraka ya kwenda kula. Kazi ya mbao nilianza nayo kule milima ya juu ya Kivu Kusini, nikaifanya katika kambi ya wakimbizi, nikaifanya hapa Amerika mpaka vidole vilipokataa kujikunja asubuhi. Sasa nakaa Kenmore, kaskazini kidogo ya Buffalo, katika nyumba ya binti yangu Naomi, pamoja na wajukuu ninaowasemesha Kiswahili wakanijibu Kiingereza. Kwa yote namshukuru Mungu.

Mliniomba niandike nilichojifunza kazini, na nitaandika. Lakini niseme mapema kwamba kuna mtu ambaye jina lake lilichafuka kwa ajili yangu, nami nikanyamaza. Anaitwa Walter. Habari zote za mwaloni na udongo nitakazowaeleza hapa zinaelekea kwake.

Nianze na nyumba yenyewe. Tajiri mmoja wa Columbus alinunua Uingereza mbao za nyumba ya mjini iliyojengwa zaidi ya miaka mia tano iliyopita. Waliifungua kipande kwa kipande, wakaipakia kwenye makontena, ikavuka bahari mpaka karakana yetu ya Louisville, upande wa Okolona. Sisi tuliitengeneza pale, ili baadaye tukaisimamishe Columbus. Siku mzigo ulipofika nilikuta rundo la miti ya mwaloni, myeusi, iliyopinda, imelala sakafuni. Nikamuuliza Musa.

Musa wengi wenu mnamjua. Nilimfundisha shule ya Jumapili kambini, na nilipoacha kazi ya ghala kuingia karakana nilimpeleka na yeye, maana Kiingereza changu kilikuwa cha salamu na cha maombi tu. Yeye alikuwa mdomo wangu, wenye vineno vya Kifaransa cha shule hapa na pale.

"Musa, kuni hizi zote za nini?"

"Baba, bon, wanasema ni nyumba."

"Nyumba iko wapi?"

"Ndiyo hii."

"Hii imeungua."

"Haijaungua, Baba. Imezeeka tu, kama wewe."

Walter alikuwa fundi mkuu. Umri wetu ulikaribiana. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye mgongo mbovu, na aliponiona nimeshika patasi siku ya kwanza alinitoa upande wa kupakia malori akaniweka kwenye meza iliyo karibu na yake. Hakuniuliza cheti. Alitazama tu jinsi nilivyoishika.

Alitutandazia mchoro wa nyumba. Chini kulikuwa na maduka matatu yaliyopangana, kila moja na dirisha pana lisilo na kioo. Dirisha lilifungwa kwa mbao mbili. Asubuhi mwenye duka aliishusha ile ya chini ikawa meza ya kupangia bidhaa, akaiinua ile ya juu ikawa kivuli. Nilicheka peke yangu. Nikamwambia Musa, "Mwambie hiki ni kibanda cha soko la Uvira. Mama mkwe wangu aliuza unga wa muhogo juu ya ubao kama huu miaka yote." Musa akamwambia. Walter hakucheka. Akauliza, "Ubao wa juu aliuzuia na nini?" Nikaonyesha kwa mikono: vijiti viwili, kimoja kila upande. Walter akageuza mchoro, akaniwekea kidole juu ya vijiti viwili. Tangu siku hiyo hatukuhitaji sana mdomo wa Musa.

Ghorofa ya juu ilitokeza nje, juu ya barabara, karibu urefu wa mkono wangu. Nilidhani mchoraji amekosea. Ukuta wa juu umesimama juu ya nini? Walter akaweka rula ya mbao juu ya vitabu viwili, ncha moja ikitokeza nje ya kitabu. Akabonyeza katikati, rula ikapinda chini. Kisha, kidole chake kikiwa bado katikati, akanionyesha nibonyeze ile ncha ya nje. Katikati ikainuka, ikanyooka. Basi nikaelewa. Ukuta wa juu unakandamiza ncha za boriti zilizotokeza, na kwa hiyo sakafu yenye watu na vitanda hailegei katikati. Wale mafundi wa zamani waliufanyisha kazi uzito wenyewe. Na mnunuzi aliyesimama mbele ya duka akapata mahali pa kujificha mvua bila kulipia.

Kwenye kona ndipo palikuwa na ufundi mkubwa. Kwa kuwa ghorofa ilitokeza pande mbili, boriti moja ilipita mshazari kutoka ndani mpaka kwenye pembe, na boriti tatu zikakutana juu ya nguzo moja. Nguzo hiyo waliipindua. Upande wa mizizi uko juu, kwa sababu huko ndiko mti hutanuka, na upana ule unapokea vichwa vyote vitatu. Musa aliiita mzee aliyesimama kwa kichwa. Walter aliipenda nguzo ile. Ncha yake ya chini ilikuwa imeoza, akaikata, akaiunga kwa mwaloni mpya kwa majuma matano, polepole, kama mtu anayemvisha mgonjwa. Alituambia kwamba hii ndiyo nyumba yake ya mwisho. Akishaisimamisha kona ile Columbus, atafunga sanduku lake la vifaa akapumzike.

Mkumbuke hilo.

Kuna siku nataka kuwasimulia ingawa ilikuja baadaye, tukiwa tayari Columbus. Kuta za nyumba zile, kati ya nguzo na nguzo, zilijazwa fito zilizosukwa na kukandikwa udongo. Alikuja bibi mmoja mtaalamu na karatasi ya vipimo: udongo kiasi hiki, majani makavu kiasi hiki, samadi ya ng'ombe kiasi hiki. Ndoo ya samadi ilipofunguliwa, vijana wa pale walirudi nyuma wote kama kuku walioona mwewe. Mimi nikakunja mikono ya shati. Mimi ni mtu wa ng'ombe, wanangu. Harufu ile ilinipa hamu ya kulia. Nikakanyaga udongo kwa miguu mpaka ukaanza kuvutana, nikafinyanga donge, nikaliangusha kutoka usawa wa kifua. Lilipasuka. Nikaongeza majani, nikakanyaga tena, nikaangusha. Likatulia chini kama mkate. Bibi akanitazama, akatazama karatasi yake, akaikunja akaitia mfukoni. Musa akaniambia, "Baba, donc, umemshinda mwenye shahada kwa kinyesi." Tulicheka sana. Nikageuka nimwonyeshe Walter lile donge, kwa mazoea tu. Walter hakuwepo.

Sasa nieleze kwa nini hakuwepo.

Nilikuja Amerika na kifaa kimoja cha kazi, kisu cha randa tu, bila gogo lake, nimekifunga kwenye kitambaa. Nilikipata kwa mwalimu wangu wa milimani, Mzee Yakobo. Gogo nilichonga hapa. Kisu hicho kilikuwa na pengo dogo kwenye makali, kiliwahi kugonga msumari zamani. Randa yenye pengo haiharibu ubao, lakini inaacha mstari mwembamba ulioinuka, mwembamba kama uzi, unausikia kwa kidole kuliko kuuona kwa jicho. Walter alikuwa akiniambia mara kwa mara nikisage mpaka pengo liishe. Nilikataa. Ningesaga nusu ya chuma cha Mzee Yakobo. "Basi," alisema Walter, "kila ubao unaoupiga, unautia sahihi." Nikaona ni utani wa kazini, nikacheka.

Huyo Mzee Yakobo ndiye aliyenifundisha lile lililoniponza. Kwetu, mpasuaji wa mbao porini hukata alama zake kwa panga katika kila ubao, mikato miwili au mitatu, ili njiani mbao zake zisichanganyike na za mwingine. Mbao zikishafika kwa fundi, kazi ya kwanza ni kuziondoa alama hizo. Ubao ukisimama ukutani na mikato ya mpasuaji, watu husema nyumba hii bado ni ya mpasuaji. Mzee Yakobo aliwahi kunifungulisha mlango mzima wa kanisa nilioutengeneza kwa sababu niliacha mkato mmoja upande wa nyuma, karibu na bawaba. Nilimwambia hakuna atakayeuona. Akaniuliza, "Mungu yeye anaingia kwa upande gani?"

Nilikua hivyo. Ubao wenye mikato kwangu ulikuwa kama mtoto anayepelekwa ibadani bila kunawa uso.

Ijumaa moja Walter aliondoka mapema, mgongo umemzidi. Mezani aliacha mbao tisa za ukuta wa mbele wa maduka: nguzo fupi, na ile mikono ya mshazari inayoshika nguzo na boriti zisiyumbe. Alikuwa amemaliza kuzitia viraka. Zote zilikuwa na mikato, mistari na mishale iliyochorwa kwa kitu chenye ncha. Lebo za karatasi zilizofungwa Uingereza zilikuwa zimeloa ndani ya kontena, nyingi zimeanguka. Mimi nilikuwa na ufunguo wa karakana. Sheria ilikataza, lakini Walter alinipa wake wa akiba kwa sababu alijua napenda kufika mapema niombe, na kumwombea na yeye, kabla mashine hazijaanza kelele.

Jumamosi nikaingia peke yangu. Niliwaza kwamba mzee huyu amenitoa kwenye malori, amenirudishia kazi ya mikono yangu, nami sina cha kumpa. Nimfanyie hii, aikute Jumatatu. Nikazipiga randa zote tisa. Niliimba. Maranda yalitoka marefu, membamba, yenye harufu ya siki kama mwaloni unavyonukia. Nilifagia, nikazipanga, nikamshukuru Mungu kwa nguvu aliyonipa.

Jumatatu Walter aliingia, akasimama mbele ya meza. Alipitisha kiganja chake juu ya ubao wa kwanza, polepole, akafumba macho. Akapitisha juu ya wa pili. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyokuwa pale.

Msimamizi wa karakana alipokuja na kuona, alituita sote, tukasimama duara. Aliinua kipande kutoka rundo jingine, akatuonyesha mikato yake. Ndipo nilipojifunza, kwa mdomo wa Musa, mbele ya watu kumi na wawili, kile ambacho hata fundi anayeanza angalitakiwa kukiuliza. Miti ile ilipinda, hivyo wale mafundi wa kale hawakukata viungo vya kufanana. Kila mkono ulilazwa juu ya nguzo yake na kuchongwa kwa umbo la nguzo ile tu. Mkono wa tatu hauingii mahali pa mkono wa nne. Ili wasipotee siku ya kusimamisha, walikata hesabu yao juu ya ubao na juu ya mwenzake, mistari na mishale, na upande wa kushoto wakauongezea mkato uliopinda kama kipande cha mwezi. Lebo zimeanguka, kwa hiyo tulikuwa tunategemea mikato ile. Tena, alisema msimamizi, huo ndio mwandiko pekee walioacha watu wale duniani. Majina yao hayakuandikwa popote.

Kisha akauliza. Musa akageuka kwangu kunitafsiria, kama alivyofanya kila siku.

"Baba, anasema mwenye alipiga randa hizi mbao aseme. Anasema hatamfukuza, anataka tu kujua alianza na upi na akamaliza na upi."

Kwetu mtu mzima haulizwi kosa lake mbele ya wadogo. Anaitwa pembeni, anapewa kiti, anaulizwa habari za nyumbani, halafu linafika. Nikangoja kuitwa pembeni. Kazi za hapa hazina pembeni. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa kwa miaka, na ina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Niliona macho ya Musa, kijana niliyemfundisha kusema kweli, nikashindwa kuwa mwongo mbele yake na nikashindwa kuwa mkosaji mbele yake. Nikatazama viatu vyangu.

Walter akainuka kwenye ndoo. "Kosa ni langu," alisema. "Mimi ndiye niliyetoa ufunguo, na mimi ndiye sikueleza alama." Msimamizi akamuuliza alimpa nani ufunguo. Walter akasema, "Nimesema kosa ni langu." Basi.

Tajiri wa Columbus alipopata habari alikasirika. Akasema mtu asiyelinda vitu vya kale hataki kumwona kwenye kiwanja chake. Msimamizi akamwambia Walter kwamba safari ya Columbus itafanyika bila yeye, na kwa kuwa alikuwa karibu kustaafu, amalize juma lile apumzike.

Alikaa kazini mpaka Ijumaa. Siku nne, vijana. Kila siku meza yake iko hatua tatu kutoka yangu. Jumanne nilijiambia nitasema saa ya chakula. Jumatano nilijiambia nitamwomba Musa atoke kwanza. Alhamisi Musa alicheka, "Yule mzee wako amechoka akili, Baba. Ufunguo anagawa kama peremende." Nikamsikia, sikumkanya.

Ijumaa jioni nilimbebea sanduku lake la vifaa mpaka kwenye gari. Alifungua mlango, lakini hakuingia. Alisimama ameushika, ananitazama, kama mtu aliyengoja kuambiwa kitu. Nikamwambia kwa Kiingereza, Mungu akubariki. Kiingereza changu kilitosha kusema hayo. Kingetosha pia kusema lile jingine, maana ni maneno matatu.

Baada ya hapo nilifanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Msimamizi alitaka kuzijaribu mbao kwa kubahatisha, nami nikamzuia, kwa sababu ulimi wa ubao, ile ncha iliyochongwa nyembamba, ukilazimishwa katika tundu lisilo lake unapasua mwaloni wa karne tano. Hili mlishike wale mnaopenda mbao. Niliomba tochi, nikazima taa, nikailaza tochi juu ya uso wa ubao mpaka mwanga ukawa unaparaza. Mkato unaopigwa na fundi hukandamiza nyuzi za mti chini kuliko unavyofikiri. Kwenye mbao nne vivuli vya mistari vilitokea, hafifu, kama kovu la utotoni. Tano zilizobaki nilizisoma kwa matundu ya vigingi. Nyumba ile haina msumari. Ulimi unaingia tunduni, kigingi cha mwaloni kinapita katikati, na tundu la kwenye ulimi hutobolewa nyuma kidogo ya lile la nje, unene wa sarafu, ili kigingi kikipigwa kivute kiungo kikaze. Kila fundi hutoboa nyuma kwa kiasi chake. Nililinganisha tundu na tundu kwa kijiti nilichokichonga, nikatazama upande uliopigwa na mvua na upande uliokaa moshi, mpaka mbao zote tisa zikapata wenzake.

Walinisifu. Kumbe nilikuwa nafunga kidonda nilichokikata mwenyewe, na watu wakanipa mkono.

Columbus tulisimamisha kona ile asubuhi yenye ukungu. Kreni iliishusha nguzo iliyopinduliwa, kisha boriti ya mshazari, na kiungo cha Walter cha chini hakikuacha nafasi ya kupitisha wembe. Tajiri alinishika bega mbele ya watu wote akasema maneno ambayo Musa alinitafsiria kwa fahari kuliko nilivyostahili. Jumapili iliyofuata, kanisani Louisville, nilisimama kutoa ushuhuda. Wengi mlikuwepo. Nilisema Mungu amempa mtumishi wake, mkimbizi asiyejua lugha, hekima ya kusoma alama ambazo macho ya wengine hayakuziona. Mkapiga makofi, mama zetu wakapiga vigelegele. Musa alikuwa safu ya mbele.

Yote niliyosema siku ile yalikuwa kweli. Niliacha tu kusema ni nani aliyezifuta.

Nimekuwa mzee wa kanisa kwa muda mrefu, nimewasikiliza watu wengi wakitubu, na najua kuwa mtu anayesema uongo mtupu hurudi upesi, kwa sababu uongo wake unamchoma. Mimi ushuhuda wangu ulikuwa nusu, na nusu inakaa vizuri moyoni. Nililala juu yake miaka.

Naomi alipojifungua mtoto wa pili aliniita nihamie kwake. Nilijua, kwa kuwa Musa alikuwa ameniambia, kwamba Walter naye alihamia Buffalo kwa dada yake. Nilikuwa nimemwomba Musa anwani, nikamdanganya kuwa nataka kumtumia kadi ya Krismasi. Kutoka Kenmore ni mwendo wa dakika chache kwa gari. Nilikaa majira yote ya baridi na anwani ile ndani ya Biblia, nikifungua ukurasa mwingine.

Mwezi wa nne nilimwambia Naomi, "Nipeleke mahali, na uingie nami, unitafsirie." Akanijibu kwa Kiingereza kwamba ana zamu ya kuwahi, anahudumia wazee watatu siku hiyo. Nikamwambia huyu ni wa nne.

Walter alitufungulia mwenyewe, anatembea kwa fimbo mbili. Alinitambua. Akatukaribisha jikoni, akaweka kahawa. Nilikuwa nimejiandaa kwa Kiswahili, hotuba ndefu. Nikaanza na milima, nikaeleza wapasuaji na mikato ya panga, nikamweleza Mzee Yakobo na mlango wa kanisa, nikaeleza jinsi mtu mzima anavyoulizwa pembeni. Naomi alitafsiri sentensi moja moja, anatazama saa, hajui tunakokwenda. Walter alisikiliza bila kugusa kikombe. Nikafika kwenye Jumamosi, na nikaisikia sauti yangu mwenyewe. Maneno yote yale yalikuwa maranda. Nilikuwa nayarundika ili nisifike kwenye ubao.

Nikamwambia Naomi, "Acha." Nikamgeukia Walter, nikasema mwenyewe, kwa Kiingereza, yale maneno matatu: ilikuwa ni mimi.

Naomi aligeuza uso akanitazama. Yeye pia alikuwepo kanisani siku ya makofi, kabla hajahamia Kenmore.

Walter alisema, na Naomi akanitafsiria kwa sauti ndogo, "Najua. Pengo la kisu chako. Lilikuwa kwenye ubao wa kwanza. Lilikuwa kwenye zote tisa. Ulifuta mwandiko wao ukaweka wako."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilisema kosa ni langu kwa sababu lilikuwa langu. Sikukueleza alama. Hiyo ilikuwa nusu yangu. Nusu yako nilikuachia uichukue mwenyewe." Akazungusha kikombe. "Nilikungoja mpaka Ijumaa."

Naomi akarudia, "Baba, anasema alikungoja mpaka Ijumaa."

Niliomba msamaha. Akasema ameshanisamehe zamani, kwa sababu ni kazi ngumu kumchukia mtu aliyekuwa akikuombea kila asubuhi, lakini nimechelewa, na ni vizuri nijue kuwa nimechelewa. Aliyasema hayo bila hasira, kama anavyokwambia fundi kwamba ubao umekatwa mfupi. Hakuna wa kuurefusha.

Kisha akauliza kitu kimoja. Hakuwa ameiona nyumba ile ikiwa imesimama, hata kwa picha. Alikuwa amekataa picha. Akauliza, "Nguzo ya kona iliingia?"

Nikasogeza vikombe. Nikachukua chupa ya chumvi ikawa nguzo, nikaipindua. Visu vya mezani vikawa boriti. Nikamwonyesha ilivyoshuka, ile ya mshazari ilivyofuata, nyundo ilivyopiga kigingi. Naomi hakutafsiri kitu, hakukuwa na haja. Walter aliinua vidole: mapigo mangapi? Nikaonyesha matatu. Akatikisa kichwa, akaonyesha mawili. Ilipaswa kuingia kwa mawili. Labda angekuwepo yeye, ingeingia kwa mawili.

Garini Naomi aliendesha mpaka karibu na nyumbani. Akasema, kwa Kiswahili, lugha ambayo siku hizi hanisemeshi ila akitafsiri, "Baba, kule Louisville hawajui."

Ndiyo maana nimeomba maandishi haya yasomwe Jumapili, baada ya nyimbo, mahali palepale niliposimama. Mkipenda kujifunza kitu, kuna tochi inayolazwa, kuna tundu linalotobolewa nyuma kidogo, kuna udongo unaoangushwa kutoka usawa wa kifua. Kabla hujaondoa alama yoyote, muulize aliye juu yako ni ya nani. Hayo ni ya kazi. Lililobaki ni la mtu mmoja, naye najua atakuwa amekaa safu ya mbele.

Musa mwanangu, Jumatatu ile ulinitafsiria swali, ukasimama ukingoja jibu ulipeleke. Jibu ndilo hili. Ilikuwa ni mimi.